Sensa ya Matairi

Nilibadilisha matairi mwenyewe, kwa mikono yangu, na mpaka nakaza nati ya mwisho sikuwa na adui hapa duniani. Mdogo wangu alikuwa ameuza gari lake akabaki na seti ya ringi tano zinazong'aa, zimevaa matairi mazima ambayo meno yake bado unaweza kuyahesabu. Gari lake na langu ni aina moja, matundu ya nati yanalingana, nikasema riziki hii. Nne nikazifunga, ya tano nikaitupa kwenye buti iwe spea. Nikarudi hatua tatu nyuma, nikaangalia. Gari lilikuwa limependeza mpaka nikaona aibu kulipanda na kandambili.

Nikawasha. Taa nayo ikawaka.

Wenye magari mnaijua. Ya njano, ina umbo la chungu, katikati kuna alama ya mshangao. Aliyeichora alikusudia tairi lililokatwa ulione kwa ndani. Sawa, ndiye msomi. Mimi miaka yote naona chungu kinachoshangaa. Siku hiyo kikaanza kunikonyeza. Kikakonyeza, kikakonyeza, kama dakika nzima hivi, kisha kikatulia tuli kinanitazama.

"Baba watoto, hiyo taa ya nini?"

"Inazoea matairi mapya."

Jibu hilo nililitunga papo hapo, na ajabu ni kwamba lilikuwa na ukweli ndani yake, ila mwenyewe sikujua.

Zamani tairi halikuwa na siri. Marehemu baba alipima upepo kwa kiatu. Analipiga teke: mguu ukirudi, safari, mguu ukizama, tafuta pampu. Hakuna taa, hakuna chungu. Leo nina gari linalojua joto la nje, linalojua mlango upi haujafungwa, linalonipigia kelele nikichelewa kufunga mkanda, halafu likiwa na shida ya matairi linachora chungu na kukaa kimya. Si useme! Una dashibodi nzima, una spika sita, sema basi unataka nini!

Nikachukua kipima upepo. Yote manne sawasawa. Nikafikiri labda kwa gari hili sawasawa haitoshi, nikainama kusoma ubavu wa tairi, nikakuta 44, kwa kile kipimo cha upepo wanachokiita psi. Nikajaza 44. Barabarani gari likawa linadunda kama limekanyaga moto, mama watoto kashika mlango kwa mikono miwili, na taa bado inawaka. Kumbe ile namba ya ubavuni ni kikomo cha tairi lenyewe, ukipita hapo umelionea. Kipimo cha gari kimebandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, mahali ambapo kiuno changu kimepita kila siku kwa miaka sita bila kusalimia: 33. Na upimwe asubuhi tairi likiwa limepoa, kwa sababu likishakimbia linapata joto na upepo unapanda, unadhani umejaza kumbe umejaziwa na lami. Nikautoa upepo wote wa ziada huku natazama kushoto na kulia, kama mtu anayerudisha alichoiba.

Shemeji akapiga simu. Shemeji wangu hajawahi kukosa jibu. Swali ndilo huwa linachelewa.

"Shemeji, kuna kitufe. Kibonyeze tu. Mimi nikibadilisha matairi nabonyeza, naondoka."

Nikatafuta kitabu cha gari. Nilikikuta bado kimo ndani ya nailoni yake, bikira. Kina kurasa mia nne na kidogo, na nusu yake zinakuonya usifanye mambo ambayo hukuwa na wazo la kuyafanya. Kitufe kweli kipo. Kipo chini ya usukani, upande wa goti, mahali ambapo binadamu hafiki mpaka shingo iwe sakafuni na miguu iwe nje ya mlango. Mtoto wa jirani akapita akauliza kama nimeanguka. Nikamwambia natengeneza. Akakaa kuangalia, maana watoto wanajua burudani ilipo.

Kitabu kinasema washa swichi bila kuwasha injini, bonyeza na ushikilie mpaka taa ikonyeze pole pole mara tatu. Nikashikilia. Moja. Mbili. Tatu! Nilishangilia mle chini mpaka nikagonga kichwa kwenye usukani na honi ikalia. Nikaendesha kijiji kizima, dakika ishirini, nikiimba. Ya ishirini na moja, chungu kikakonyeza.

Ndipo nikaenda kwa fundi. Nilikuwa nimemkwepa fundi makusudi, kwa sababu mtu aliyefunga matairi mwenyewe akienda kwa fundi amekwenda kukiri.

Fundi hakugusa gari. Alisikiliza, akafuta mikono, akasema, "Mzee, umeliambia gari lisahau upepo wa jana. Hujaliambia hawa wa leo ni akina nani. Tatizo lako ni sensa."

Mimi nikamwelewa vibaya. Nikamwambia sisi nyumbani tulishahesabiwa, karani alikuja, tukajibu maswali yote. Akacheka mpaka akakaa juu ya tairi. Halafu akanieleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo nilivyoona kwamba sikuwa nimekosea sana.

Kwa ndani ya kila ringi, kwenye mzizi wa ile nozeli ya kujazia upepo, kumefungwa kidude chenye betri, ndicho mafundi wanakiita sensa. Kazi yake ni kupima upepo na kuutangaza kwa redio. Na kila kidude kina namba yake ya utambulisho, tarakimu na herufi nane, haifanani na ya mwenzake. Gari lina daftari. Limeandika humo namba za wakazi wake halali. Mimi nimewatoa wakazi nikawalaza stoo, nikaleta wageni watano wanaong'aa, sikumwambia mjumbe. Gari likawa linaita majina ya walioko stoo, kimya. Wageni nao wanapiga kelele "psi 33! psi 33!", gari linawasikia na kuwapuuza, maana hawamo daftarini. Ndiyo maana taa inakonyeza kwanza. Kumbe ina lugha mbili hiyo taa! Ikikonyeza kama dakika moja kisha ikatulia, maana yake ni "siwasikii watu wangu." Ikiwaka moja kwa moja bila kukonyeza, maana yake ni "nimewasikia, na mmoja wao ana njaa ya upepo." Taa moja, rangi moja, chungu kimoja, na tofauti ya maana ni kope. Hata mtu aliyenuna ndani ya nyumba anakupa dalili zaidi ya hizo.

"Na shemeji wangu mbona anabonyeza inakubali?"

Kwa sababu gari la shemeji halina vidude. Lenyewe linapiga hesabu. Tairi lililopungua upepo linakuwa fupi kidogo, na mwenye miguu mifupi hupiga hatua nyingi ili aende sawa na wenzake. Basi gari la shemeji linatumia vihisi vya breki kuhesabu mizunguko, likiona tairi moja linahangaika kuliko mengine linawasha taa. Gari la namna hiyo ukibadilisha matairi, unajaza upepo sawasawa, unabonyeza, linaanza kujifunza upya. Kwa hiyo shemeji hakudanganya. Alinipa dawa ya ugonjwa wake.

Nikauliza nani hasa alileta mambo haya. Ukifuatilia yalianzia juu, kwenye Porsche 959 ya miaka ya 1980, gari ambalo mwenye nalo nadhani ana mtu wa kumwinamia. Halafu Wamarekani, baada ya matairi kuchanika barabarani na magari kupinduka na kuua watu wengi, wakatunga sheria mwaka 2000, na kufikia Septemba 2007 kila gari jipya dogo lilitakiwa liwe na taa hii. Ulaya wakafuata, kwa magari madogo mapya yote ikawa Novemba 2014. Kwa hiyo siwezi kuitukana sana, imeandikwa kwa damu ya watu. Ila Wamarekani walisema taa iwake upepo ukishapungua robo nzima. Robo! Ya 33 inaachwa iteremke mpaka kama 25 ndipo chungu kishangae. Jirani mwenye moyo huo, anayesubiri robo ya paa iungue ndipo abishe hodi, mtaani kwetu tungemhamisha.

Na kuhusu jirani. Wangu alikuwa ameshanipa ushauri wa bure. Wa kwanza, plasta nyeusi juu ya taa. Huu nilikaribia kuukubali. Wa pili ni kwamba kuna watu wanavichomoa vidude vya zamani, wanavifungia vyote ndani ya kipande cha bomba la plastiki, wanalijaza upepo, wanaliweka kwenye buti. Vidude vinapima upepo wa bomba, vinaripoti kwamba matairi yako salama salimini, gari linaamini, taa inazima. Nililala nikilifikiria lile bomba. Yaani tairi linaweza kuwa limekaa chini kabisa, ringi inakwaruza lami, abiria wanaruka madirishani, na bomba ndani ya buti linatangaza hali ni shwari. Hapana. Mimi mwongo, nakiri, lakini sijafikia kuajiri bomba linidanganyie.

Fundi akaleta kifaa chake, kama simu ya zamani yenye antena. "Ringi hizi sensa zake ni 315 au 433?" akauliza. Nikamwambia mimi ringi nimezipenda kwa sababu zinang'aa. Akanitazama kwa huruma. Kumbe vidude hivi hutangaza kwa masafa tofauti kulingana na soko gari lililotengenezewa, mara nyingi megahezi 315 kwa Marekani, 433 kwa Ulaya, na gari lililozoea moja halisikii nyingine. Bahati gari la mdogo wangu na langu wametoka tumbo moja.

Akaanza kuzunguka. Kwenye kila tairi anasogeza kifaa karibu na nozeli, kinaamsha kidude, kinasoma namba, upepo, joto, hata hali ya betri. Karani kamili! Mbele kulia, yupo. Mbele kushoto, yupo. Nyuma kushoto, yupo. Nyuma kulia, kimya. Akasogeza tena. Kimya.

"Huyu amefariki," fundi akasema.

Betri. Inadumu kama miaka mitano hadi kumi, na imezamishwa humo ndani kwa gundi ngumu, huwezi kuibadilisha kama ya saa. Ikifa, kidude kizima kinazikwa. Kwa hiyo tairi lile nililolifunga kwa mikono yangu likafunguliwa, likavuliwa kwenye ringi, likawekewa kidude kipya kisicho na jina. Fundi akakiandikia namba ya marehemu hapo hapo kwa kile kifaa. Nikamuuliza kama huko si kughushi vitambulisho. Akasema mzee, acha maneno mengi, shika hii tochi.

Akafungua buti, akapima la spea pia, akachomeka waya chini ya usukani, akafuta majina ya walioko stoo akaandika mapya. Nikawasha. Taa ikawaka kidogo kama inavyopaswa gari likiwaka, ikazima. Giza! Giza zuri ambalo sijaliona tangu zile ringi ziingie maishani mwangu. Nikamlipa fundi, nikaingiza gia. Nikamwona kwenye kioo anakuja nyuma yangu, kashika mpira wa upepo mkono mmoja, mkono mwingine kaunyoosha vidole vyote, anapiga kelele: "Mzee, tano! Tano!"

Nikaguswa. Kijana amefurahi kama mimi. Nikatoa mkono dirishani, nikampa tano, nikaondoka.

Nusu ya njia, taa ikawaka. Haikukonyeza. Ilikuja moja kwa moja, macho makavu.

Nikasimama, nikapima. Mbele 33, 33. Nyuma 33, 33. Nikapima tena kwa kuwa siamini kipimo, nikapima mara ya tatu kwa kuwa sijiamini mimi. Nikalipiga kila tairi teke la marehemu baba. Mguu ulirudi mara nne. Nikamwambia mama watoto fundi ni tapeli, amekula hela, na alipokuwa anatukimbiza na vidole vile alikuwa anatucheka.

"Vidole vingapi?" akauliza.

"Vitano. Alikuwa ananipa tano."

Mama watoto hakusema kitu. Alishuka, akazunguka nyuma, akafungua buti, akatoa mwavuli, begi la shule, viatu vyangu vya mpira ambavyo nilikataa kabisa kwamba vimepotea, akainua zulia. Chini yake ringi ya tano ilikuwa inang'aa kama siku niliyoitupa humo, na upepo ule ule nilioitupa nao. Kipima kikasoma 14.

"Na huyu," akasema, "kwenye sensa yako hahesabiwi?"

Tulirudi kwa fundi. Alikuwa ameuacha ule mpira wa upepo palepale, katikati ya njia, kama anayejua. Akajaza kimya kimya. Mimi niliangalia upande mwingine. Aliponyoosha mkono safari hii nilimuuliza kwanza anamaanisha nini.

Usiku mama watoto alinikuta nimekaa ndani ya gari, swichi imewashwa, injini imezimwa.

"Unafanya nini humo?"

"Naangalia taa."

"Taa gani?"

"Ile ambayo haipo."

Akanizimia ya uani, akafunga mlango.