Kateni muziki wa piano vipande, jamani

Alhamisi usiku, saa tatu na dakika chache, kijana mmoja anayeipigia kinanda kwaya ya jirani alinitumia kwa WhatsApp faili la LilyPond, programu inayochapa nota za muziki kutoka kwenye maandishi. "Shikamoo mwalimu. Mkono wa kushoto umezama kuanzia kipimo cha 17 mpaka mwisho, na Jumapili tunaimba." Nikaitikia marahaba, nikawasha kompyuta. Nilipolifungua tu nikajua sitalala mapema.

Vipimo 72 vya piano vilikuwa vimemiminwa kwenye rundo moja. Mkono wa kulia mwanzo hadi mwisho, halafu wa kushoto, bila kuruka mstari, bila alama ya |, ile ya kufunga kipimo, hata moja. Kiitikio kinaanzia wapi? Huwezi kujua mpaka uhesabu nota kwa kidole.

Ilinichukua saa mbili na nusu kugundua kwamba chanzo ni e moja, yaani mi, iliyofutwa. Kipimo cha 17 mwanzoni kilikuwa c4 e g, do-mi-so inayopanda. Kijana akaona ile mi inagongana na sauti ya tena (tenor), akaifuta na kurefusha do: c2 g4. Uamuzi mzuri kabisa wa kimuziki. Ila alikuwa ndani ya \relative, amri ambayo ndani yake kila nota hukaa kwenye oktava iliyo karibu zaidi na nota iliyotangulia. So ikitoka kwenye mi, hupanda. Ikitoka kwenye do, hushuka, kwa sababu so ya chini iko karibu na do kuliko so ya juu. Basi so ikateremka oktava nzima, na nota zote za nyuma yake zikaburutwa nayo mpaka mwisho wa wimbo, vipimo 55. Alipoona zimezama akaongeza vialama vya oktava sehemu tatu huko mbele, na kila alipotibu mahali pamoja, mahali pengine paliharibika.

Simlaumu hata kidogo. Lawama ni yetu tunaofundisha, maana tunamwonyesha mtu namna ya kuandika nota, tunamwonyesha PianoStaff, amri ya kuunganisha mistari ya mikono miwili, tunapiga makofi pdf ikitoka safi, tunaondoka. Namna ya kupanga kazi hatusemi. Na muziki wa piano bila mpangilio ni tofauti na sauti nne za kwaya. Soprano ikikosewa, soprano wenyewe watakwambia kabla hujamaliza mstari wa kwanza. Piano ina mikono miwili ya mtu mmoja, nota tatu nne kwa pigo moja, mkono wa kushoto unaovuka kwenda mistari ya juu, na hakuna wa kulalamika isipokuwa mpiga kinanda aliyeketi peke yake mbele ya waumini.

Nasema hivi, na nitalirudia kila nitakapoitwa kufundisha: kata wimbo kwa sehemu zake, kata tena kwa mikono, kila kipande ukipe jina na \relative yake. Kiitikio cha mkono wa kushoto kianze na oktava yake kwa maandishi, kisitegemee utangulizi uliishia wapi. Ukifanya hivyo, kosa la kipimo cha 17 litafia humo humo kwenye utangulizi. Kiitikio hakitajua hata kama limetokea. Kisha mwishoni unaunganisha:

mkonoKushoto = { \utanguliziKushoto \kiitikioKushoto \ubetiKushoto \kiitikioKushoto }

Usome mstari huo kwa sauti. Umeusoma wimbo. Mwalimu wa kwaya asiyejua chochote cha kompyuta anaweza kusimama nyuma yako, akaunyooshea kidole na kusema, "Hapa nataka kiitikio kirudiwe mara mbili," na wewe ukaongeza neno moja. Kiitikio kimeandikwa mara moja tu, kwa hiyo ukirekebisha nota yake, imerekebishika kila kinapoimbwa. Mara ngapi tumechapisha wimbo ambao kiitikio cha kwanza kina fa ya kawaida na cha pili kina fa iliyopandishwa, wanakwaya wakabaki wanatazamana?

Na majina yawe ya Kiswahili. LilyPond haikulazimishi kuita kitu upper na lower. Mkono wa kulia ni mkonoKulia. Ila usitie tarakimu: ubeti2Kulia itakataliwa, andika ubetiPiliKulia.

Kipimo kimoja, mstari mmoja, na | mwishoni mwa kila mstari. Nakiri kwamba alama hiyo isingeikamata ile so iliyoshuka, kwa kuwa hesabu ya mapigo ilikuwa sawa. Lakini siku utakaposahau nukta kwenye nota, itakuonyesha mstari wenyewe badala ya kukuacha uone mkono wa kulia umemaliza kabla ya wa kushoto.

Nguvu nazo, yaani p, f na zile za kukua na kufifia, zitoe kwenye nota kabisa. Ziwekee mkondo wake wa Dynamics katikati ya mikono miwili, ziandike kwa mapumziko yasiyoonekana, uuite nguvu. Zitachapwa katikati, mahali pake, na nota zako zitasomeka.

Kuna faida nyingine niliyoiona kwa macho Pasaka iliyopita. Mazoezi ya Jumamosi jioni, wimbo uko G, soprano wanakwama juu, mwalimu akasema tushuke tuuimbe kwenye F. Kwa kuwa kila kitu kilikuwa na jina, niliandika \transpose g f, amri ya kuhamisha ufunguo, mbele ya sauti nne na mikono miwili pale pa kuunganishia tu, sikugusa nota hata moja, na karatasi mpya zilikuwa mikononi mwao kabla hawajamaliza kunywa maji.

Wapo watakaosema MuseScore, programu ya kuweka nota moja kwa moja kwenye skrini, ni rahisi, unaona nota papo hapo na unaisikia. Ni kweli. Kama una wimbo mmoja na siku tatu, tumia hiyo, sitakugombeza. Mimi nazungumza na mwenye nyimbo arobaini za kwaya anayetaka ziwe hai miaka ishirini ijayo.

Hilo ndilo linaloniumiza hasa. Nina kazi zangu za miaka ya nyuma kwenye programu ya kununua ambayo leo siwezi kuifungua. Watengenezaji wa Finale, programu nyingine ya nota, walitangaza Agosti 2024 kwamba wanaisitisha baada ya miaka takriban 35, na najua walimu walioandika maisha yao yote humo. Faili la LilyPond ni maandishi. Lina kilobaiti chache, linafunguka hata kwenye simu, na ukiandika \version juu yake, convert-ly, chombo cha LilyPond cha kusasisha faili, italihamisha kwenda toleo jipya sehemu kubwa ya njia. Mzee aliyenifundisha kinanda aliacha madaftari matatu ndani ya sanduku la bati. Mvua ilipoingia, wino wa zambarau ulisambaa, na kuna nyimbo mle ambazo sasa nabahatisha sauti yake ya tena. Siwezi kuvumilia kuona kijana ana chombo kinachoweza kutunza kazi yake vizuri hivi, halafu aitunze kwa rundo ambalo yeye mwenyewe hawezi kulisoma baada ya mwezi.

Ijumaa mchana alikuja nyumbani na kompyuta yake. Tulikata pamoja utangulizi na kiitikio, ubeti nikamwachia. Saa nne usiku ukaingia ujumbe: "Mwalimu, ubetiKushoto umekaa. Ile e nimeirudisha, kumbe sauti ya tena ndiyo niliiandika vibaya mimi."