Siri ya mtoaji wa kiungo: sheria ya Italia inamlinda nani?

Mwishoni mwa Septemba 1994, usiku, majambazi waliwafyatulia risasi watalii wa Kimarekani waliokuwa wakisafiri kwa gari katika barabara kuu ya Calabria, kusini mwa Italia, na kumjeruhi kichwani Nicholas Green, mtoto wa miaka saba. Alipofariki Messina, wazazi wake waliridhia viungo vyake vitolewe, na Waitalia saba wakavipokea. Miezi michache baadaye wazazi hao walikutana nao ana kwa ana. Kisha ikaja Sheria namba 91 ya mwaka 1999, ambayo kifungu chake cha 18 kinawataka watumishi wa afya wafiche utambulisho wa mtoaji na wa mpokeaji.

Usiri huo una sababu nzito. Aliyepandikizwa moyo au ini hajarudi katika afya yake ya zamani. Anameza kila siku dawa za kushusha kinga, ambazo huuzuia mwili usikikatae kiungo, lakini pia hufungua mlango kwa maambukizi na baadhi ya saratani. Mtu huyo akipigiwa simu kila wiki na mama aliyefiwa, akiulizwa moyo wa mwanawe unaendeleaje, hata homa ndogo ataiona kama usaliti. Kuna pia hofu ya kudaiwa fedha. Na kuna msiba wa pili: kijana aliyepokea moyo wa Nicholas alifariki mwaka 2017, na kwa wazazi wanaomjua mpokeaji kwa sura na jina, taarifa ya namna hiyo ni matanga mengine.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna la kuongeza hapa. Muhimbili, ambako upandikizaji wa figo ulianza mwaka 2017, mtoaji ni ndugu aliye hai, kwa hiyo hakuna siri ya kutunzwa. Deni la shukrani linakula sinia moja na mdaiwa, kwa kuwa mpokeaji anaishi na ndugu aliyempa. Kufahamiana, basi, si faraja kila mara.

Hata hivyo, nadhani sheria ya Italia imekosea mahali pa kuweka kizuizi. Kifungu kile kinawafunga watumishi, hakizifungi familia, na tarehe ya kifo ikilinganishwa na tarehe ya upasuaji, pamoja na habari za magazetini, mara nyingine hutosha kumtambua mtu. Mwenye hamu kubwa atatafuta mwenyewe, na siku akibisha hodi hakutakuwa na muuguzi wala mshauri nasaha wa kumuuliza kwanza mwenye nyumba kama yuko tayari. Reg Green, baba yake Nicholas, alipigania sheria hiyo ilegezwe, na mwaka 2018 Kamati ya Taifa ya Maadili ya Tiba ya Italia ilikubali kwamba mawasiliano yanaweza kuruhusiwa baada ya muda, pande zote mbili zikiridhia na mtu wa tatu akisimamia.

Uingereza barua hupitia kwa watumishi maalumu, bila utambulisho kamili, na mpokeaji yuko huru kutojibu. Utaratibu huo nauona bora, ingawa nao una uchungu wake, kwa sababu wazazi wanaosubiri barua isiyofika huweza kudhani hawakushukuriwa, kumbe mpokeaji ameanza sentensi ya kwanza mara kumi na kuichana. Kwa hao, kuambiwa tu kwamba ini bado linafanya kazi kungetosha kwa mwaka huo, na habari hiyo haihitaji jina la mtu yeyote.