Kuku au kichwa cha samaki: kipi kiwe chambo cha kaa?

Kwetu kuku ni wa mgeni. Ndiyo maana siku ya kwanza nilipomwona shemeji akifunga paja zima la kuku kwenye wavu na kulitosa baharini, pale gatini Newport, jimbo la Oregon, nilihisi nimeshuhudia dhambi. Alicheka tu. Ameishi Marekani miaka mingi na kwake mjadala ulishafungwa: kaa ananaswa kwa kuku, basi. Mzee wa Kimarekani aliyekuwa jirani yetu alikuwa na ndoo ya vichwa vya samaki, akamtazama shemeji kama unavyomtazama mtu anayetia sukari kwenye pilau.

Ubishi huo nimeusikia tena na tena kando ya ghuba ya Yaquina, hapo hapo Newport, na kila upande una sababu zake. Kaa anayesakwa ni Dungeness, ambaye Oregon ilimtangaza kuwa nembo ya jimbo kwa upande wa krasteshia, yaani jamii ya kaa na kamba, mwaka 2009. Wavuvi hawa wa burudani hawavui ili wauze. Mtu wa miaka 12 na kuendelea anakata leseni, anatumia mitego isiyozidi mitatu, na anaondoka na madume 12 kwa siku, kila mmoja akiwa na gamba la inchi 5¾ au zaidi, yaani sentimita 14.6 hivi. Majike wanarudishwa majini. Kwa kiwango hicho, chambo kibaya kinakuharibia Jumamosi yote.

Tuanze na wa samaki, maana hoja yao ndiyo yenye nguvu zaidi kwa upande wa kaa mwenyewe. Chini kule maji yana ukungu wa matope, kaa haoni mbali. Anafuata harufu kwa vipapasio vyake vidogo. Watu husema samaki wa mafuta ndiye bora kwa sababu ya mafuta yake. Nina shaka na maelezo hayo, kwani mafuta huelea na kaa yuko chini. Kinachosafiri na mkondo ni yale yanayoyeyuka: damu, maji ya nyama, asidi za amino. Kaa akizinusa anaupanda mkondo hadi zinakotoka. Nyama ya samaki ni laini, inaachia upesi, na heringi aliyetoka kwenye friza anaachia zaidi, kwa sababu barafu imeshampasua ndani. Kuku ana ngozi na misuli iliyoshikana. Hata ukimchanja kwa kisu, anavuja kwa mwendo wa jongoo.

Kama baharini pangekuwa na kaa peke yao, ningesema samaki na kuishia hapo. Lakini Newport ina sili, mamalia wa baharini, na ina jamaa zao simba wa baharini wanaojilaza kwenye maegesho ya boti wakibweka mchana kutwa. Kwao samaki ndiye chakula. Kuku mara nyingi hawamjali. Nilibadili msimamo siku niliponunua mfuko wa matundu, nikaujaza vichwa vya samaki, nikashusha. Wavu ulipopanda, mfuko ulikuwa umechanika tumboni kama gunia lililoingiliwa na panya, na kichwa cheusi chenye sharubu kilikuwa hatua chache kutoka kwetu, kinatutazama bila haya. Shemeji akasema, “Mgeni wako ameshakula.” Kumdhuru huwezi, sheria ya Marekani ya mwaka 1972 ya kulinda mamalia wa baharini inamlinda. Wengine wanakimbilia minki, mnyama anayefugwa kwa ajili ya ngozi, kwa sababu hiyo hiyo: sili hamtaki. Mimi mzoga wa minki siushiki, mwenye moyo huo na aendelee.

Jambo ambalo wabishi wa pande zote mbili hulisahau ni mtego wenyewe. Wapo wanaotumia wavu wa pete. Ukifika chini unalala bapa kama sinia, kaa anaingia na kutoka apendavyo, na unampata tu ukivuta kamba wakati bado anakula. Unavuta kila dakika kumi na tano au ishirini. Hapo unahitaji chambo kinachonukia mara moja, kilichofungwa wazi katikati, ili kaa akishike na asikubali kukiachia. Kwenye wavu huu samaki hana mpinzani, na kwa kuwa unavuta haraka, sili naye ana muda mfupi wa kufanya ujambazi wake.

Dema la waya, yaani mtego wa kasha, ni habari nyingine. Milango yake inafunguka kwa ndani tu, unaliacha saa kadhaa, unaenda kunywa chai. Kaa wa kwanza kuingia akikimaliza chambo, waliobaki nje wataitwa na nini? Kwa hiyo chambo kiwe kigumu, au kifungiwe kwenye kikasha chenye matundu, kaa akinuse asiweze kukila. Hapa ule uvujaji wa jongoo wa kuku unageuka kuwa sifa. Paja lililokaa majini saa tatu bado ni paja. Kichwa cha samaki kwa muda huo kimebaki mfupa.

Kuhusu gharama, samaki wakati mwingine ni bure. Ukiwa na salamu nzuri kwa wanaopara samaki wa boti za watalii, unaondoka na mifupa na vichwa. Kuku ananunuliwa, ingawa shingo na migongo ni bei rahisi, na anapatikana duka lolote hata siku ambayo hakuna boti iliyotoka.

Kwenye suala moja sina subira: wale wanaoacha chambo kivunde juani wakiamini uvundo ndio ufundi. Kaa huyu si mla mizoga tu. Anawinda chaza wa mchangani, kamba na samaki wadogo walio hai. Idara inayosimamia uvuvi Oregon inashauri chambo kibichi, na nilichokiona gatini hakipingani nao. Uvundo unawakera majirani zako kabla ya kumfikia kaa.

Halafu zipo siku ambazo ubishi wote huu ni bure. Mkondo ukiwa mkali kaa anajifukia mchangani, na unasubiri maji yasimame kati ya kujaa na kupwa. Mwishoni mwa kiangazi wengi wamebadili gamba, unavuta dume kubwa, unalivunja, ndani ni maji. Na mvua kubwa za baridi zikijaza ghuba maji matamu, kaa wanahamia baharini hata uwashushie karamu.

Mimi sasa naenda na vyote viwili: vichwa vya samaki kwa wavu wa pete ninaoukalia mwenyewe, kuku kwa madema mawili. Shemeji hajakubali, kwake samaki ni sadaka kwa sili. Mara ya mwisho tulikuta mvua imeshafanya kazi yake, hatukupata hata jike la kurudisha. Vichwa vyangu vilikwenda jalalani. Mapaja yake ambayo hayakuguswa, yaliyobaki kwenye barafu, tuliyapika rosti usiku ule.