Nyumba Mbili, Luku Mbili, Magoti Manne

Wiki iliyopita mzee wangu, yaani mume wangu, alirudi kutoka kwao kisiwani Ukerewe na sato watatu, nusu gunia la makopa ya muhogo, na karatasi ya fundi, hesabu ya kumalizia nyumba yetu ya kijijini kule. Sato niliwapokea. Karatasi niliiweka chini ya kopo la chumvi na mpaka leo iko hapo.

Imeandikwa kwa kalamu ya bluu: tofali, saruji, nondo, mbao za kupaulia, bati za geji 28, na chini kabisa "ufundi", neno dogo lenye tarakimu kubwa kuliko zote. Jumla yake inakaribia kumeza kiinua mgongo changu. Ndiyo maana naandika. Najua karatasi ya namna hii iko kwenye nyumba nyingi za wastaafu hapa Mwanza, ikisubiri mtu wa kusema ndiyo au hapana.

Mzee wangu alistaafu 2017. Alikuwa mwanachama wa PSPF, mmoja wa mifuko ya pensheni ya watumishi wa umma, enzi zile mstaafu wa mfuko huo akipokea nusu ya mafao yake kwa mkupuo, na mkupuo wake ulivuka ziwa wote, ukageuka mawe, mchanga na saruji. Ukafika kwenye msingi, ukamwaga jamvi la zege, ukaisha. Mimi nimestaafu 2023 baada ya miaka 34 ya uuguzi, nikiwa chini ya PSSSF, mfuko uliozaliwa 2018 mifuko ya watumishi wa umma ilipounganishwa. Kwa kanuni iliyoanza Julai 2022 mkupuo wangu ulikuwa asilimia 33, na kinachobaki kinakuja kidogo kidogo kila mwezi kama pensheni. Kila wastaafu wakikaa watatu kanuni hiyo inalaaniwa, na sibishani nao. Ila nakiri jambo ambalo wenzangu hawatalipenda: ningepewa nusu, leo kungekuwa na kuta juu ya lile jamvi.

Msimamo wangu ni huu. Mstaafu wa kipato chetu awe na nyumba moja tu, na fedha alizotaka kujengea ya pili azitumie kuifanyia hiyo moja ukarabati wa kizee. Nitaeleza ukarabati wa kizee ni nini, lakini kwanza niseme ukweli kuhusu nyumba yetu ya mjini, maana mzee wangu atayasoma haya.

Iko Bugarika, mlimani. Tulichimba msingi mwaka meli ya MV Bukoba ilipozama, 1996, kwa hiyo hakuna anayeusahau. Tulianza na chumba kimoja na sebule, tukaongeza vyumba kila mkopo ulipotoka. Mgeni akifika Mwanza anapiga picha Jiwe la Bismarck, anageuka anapiga picha nyumba zetu zilivyong'ang'ania mawe, anasema pazuri. Ni pazuri kweli, ila yeye hajawahi kupandisha mtungi wa gesi. Kutoka barabarani mpaka mlangoni kwetu kuna ngazi 64. Nikiwa na miaka 35 nilizipanda na mtoto mgongoni na ndoo kichwani huku nikimfokea mwingine aliyebaki nyuma. Sasa napumzika kwenye ya 22, kwa jirani anayeuza maandazi, na tena kwenye ya 45, kwenye jiwe ambalo wajukuu wanaliita kiti cha bibi.

Mzee wangu anazitumia ngazi hizo kama wakili anavyotumia ushahidi. "Kule ni tambarare, mama. Unatoka mlangoni unakanyaga mchanga." Ni kweli. Tena ana hoja nyingine nzito: kule muhogo na viazi ni vya shambani, dagaa unanunua anapotoka ziwani, na mtu akiamka anaamkiwa kwa jina la babu yake. Mkataa kwao ni mtumwa, ananiambia, nami namjibu kwamba sijamkataza kwao, nimekataa kupaua.

Sasa niwape kisa cha Agosti ya mwaka juzi. Tulikuwa kule kijijini, nusu saa kwa bodaboda kutoka Nansio, tumelala kwa mdogo wake. Usiku wa manane akaamka anasema kichwa kinapasuka. Mimi ni muuguzi, mashine ya presha haiachi mkoba wangu. Nilipoiona namba sikumwambia. Tukampakia kwenye bodaboda, yeye katikati, mimi nyuma nimemshika, tukaenda hospitali ya wilaya, wakampokea vizuri, presha ikashuka kiasi. Wakasema asubuhi mkamwone bingwa Bugando, hospitali ya rufaa ya Mwanza. Asubuhi! Nilikaa kwenye benchi nikisikiliza upepo. Kivuko cha Rugezi kwenda Kisorya hakingetoka usiku ule, meli ya kuja Mwanza ni ya mchana, na hata kama ungempata mwenye boti ya injini, mtu aliyekulia ziwani hamwombi mwenzake avuke kwenye mawimbi yale na mgonjwa. Tangu Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na gati la Ukara na watu zaidi ya 200 wakafa mbele ya macho ya ndugu zao, hakuna familia ya Ukerewe inayochukulia safari ya maji kama jambo dogo. Tulingoja.

Kutoka mlangoni kwetu Bugarika mpaka Bugando ni ngazi 64 za kushuka na bajaji moja.

Ndipo nilipoona tunavyoyafanya mambo kinyume. Nyumba ya kijijini tunaijenga tukiwa na miaka 60, mafao yametoka, yaani umri ule ule ambao mwili unaanza kuhitaji mji: kliniki ya presha, ya sukari, daktari wa macho, duka la dawa linalofunguliwa usiku. Aliyejenga kijijini akiwa na 40 ameifaidi miaka 20 ya likizo na Krismasi. Anayeanza na 62 anajenga nyumba ya kuhama akiwa na 70. Nimehudumia wodini wazee wengi walioletwa kwa hali hiyo, wametoka kwenye nyumba nzuri za bati jekundu walizokaa miaka mitatu, sasa wamelazwa, na watoto wanahangaika wakae nao wapi mjini kwa sababu nyumba ya mjini iliuzwa ili kumalizia ile ya kijijini.

Kuna sababu moja ya kujenga kijijini ambayo watu hawaitamki kwenye vikao vya familia, nayo ndiyo kubwa. Msiba. Watauliza, marehemu atafikia wapi? Jeneza litalala sebule gani? Mtu aliyefanya kazi serikalini miaka 30 akirudishwa na kulazwa kwenye nyumba ya mdogo wake, maneno yatakuwepo. Naelewa. Lakini nikipiga hesabu, tunazungumzia nyumba ya vyumba vinne kwa ajili ya usiku mmoja, ambao mwenye nyumba mwenyewe hataushuhudia. Nilimwambia mzee wangu, ukitangulia nitakupeleka, utalala kwa mdogo wako, na nitakaa pembeni yako mpaka asubuhi. Alinyamaza, akaniuliza, "Na ukitangulia wewe?" Mimi ni Msukuma wa Magu, kwetu si kisiwani. Nikamwambia ugali unapoa.

Swali lake linanifikisha kwenye jambo ambalo wanaume wakiandika kuhusu nyumba mbili huwa wanaliruka. Nyumba ya pili ni ya nani? Ile ya Bugarika tuliipatia hati wakati wa urasimishaji wa makazi, na kwenye hati kuna majina mawili, la kwake na la kwangu. Hata angeamka vibaya siku moja akataka kuiuza, Sheria ya Ndoa ya 1971 inadai ridhaa yangu. Kiwanja cha kule ni cha ukoo. Hakina karatasi, kina mwembe na makaburi. Shemeji zangu na wifi zangu wananipenda, sina neno nao, na wakati wa presha walikesha nami. Ila nimefanya kazi Shinyanga miaka sita na najua mapenzi hayo huwa yanapitia kwa mtu fulani, na mtu huyo akishazikwa yanabadili njia. Ni kutoka Shinyanga hiyo hiyo wajane wawili walitolewa kwenye nyumba walizoishi na waume zao, kwa kufuata sheria ya kimila iliyoandikwa tangu 1963, wakashindwa mahakamani hapa nchini, wakaenda mpaka kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake. Mwaka 2015 kamati ikasema walidhulumiwa na sheria hiyo ibadilishwe. Ushindi wa heshima, lakini fikiria umri waliokuwa nao na miaka waliyopoteza. Mimi sitaki kushinda Umoja wa Mataifa. Nataka kulala kwangu.

Tena sheria zipo za kunisaidia hata kijijini. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume, na hati ya kimila inaweza kuandikwa majina yetu wote wawili. Nilimwambia mzee: leta hati ya kimila yenye jina langu, tutaongea habari ya bati. Alikwenda kuongea na kaka yake mkubwa. Wakaongea kuhusu mvua.

Na maji nayo yametoa maoni yao. Kiwanja kiko karibu sana na ziwa, ndiyo uzuri wake. Mwaka 2020 ziwa lilipanda kuliko wazee walivyokumbuka, likapanda tena 2024, na mara zote mbili lilikuja mpaka kwenye shina la mwembe na kurudi taratibu kama mgeni aliyekosea nyumba. Kutoka mwembe hadi jamvi ni hatua zangu 18. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ufukweni ziachwe bila shughuli za kudumu za binadamu. Hatua zangu 18, hata nikizirefusha kama askari wa gwaride, hazifiki huko. Mzee wangu anasema sheria ile ni ya wenye mahoteli.

Niseme haki: angekuwa mtu wa Sengerema, pengine ningeandika makala nyingine. Tangu daraja la Kigongo hadi Busisi lifunguliwe Juni 2025, kilomita 3 juu ya maji, mtu wa upande ule anakula chakula cha mchana kwao na jioni yuko Nyegezi bila kuitazama saa ya kivuko. Rafiki yangu niliyesoma naye chuo ana nyumba mbili, Buhongwa na Sengerema, na anaziendesha kama vyumba viwili vya nyumba moja. Namwonea wivu kidogo. Lakini hata yeye analipa mlinzi huku na mwangalizi kule, ananunua umeme wa luku mbili, na mwaka jana alikuta popo wamehamia darini na mtu amechomoa nyaya za jikoni. Nyumba isiyolaliwa ina namna yake ya kulalamika.

Sisi luku yetu ni moja. Kila mwezi inakatwa 1,500 ya kodi ya jengo, na nyuma ya nyumba tuna vyumba vitatu tumepangisha vijana wanaosoma udaktari Bugando. Kodi yao ndiyo pensheni yangu ya pili. Tena wananisaidia kupandisha gesi.

Ukarabati wa kizee, basi. Nimeanza mwezi uliopita bila kumngoja mtu. Choo cha kuchuchumaa kimeondoka, tumeweka cha kukaa, na ukutani bomba la kushikilia. Mlango wa bafu umepanuliwa utoshe kiti cha magurudumu. Mzee wangu alipoona fundi anapima akauliza kiti cha nani, nikasema cha yeyote atakayewahi. Tangi la lita 2,000 limewekwa ili mgao wa maji usinikute na ndoo. Chumba chetu kimehamia upande wa mbele, karibu na taa ya njia. Na ngazi: tumekubaliana na majirani wanne tunaozitumia, kila nyumba imechanga, mchomeleaji wa Mabatini anatengeneza reli ya chuma kutoka barabarani mpaka juu, na jirani wa maandazi ameomba isizibe meza yake. Vyote hivi havijafika hata theluthi ya ile karatasi iliyo chini ya chumvi.

Kwa shemeji tumeomba chumba kimoja. Tumenunua kitanda, godoro, neti, na bati za kuziba pale panapovuja. Tukienda tunalala humo wiki mbili, tatu, mzee anaongea Kikerewe mpaka koo linamkauka, halafu tunarudi kliniki. Hajasema amekubali. Amesema chumba kina joto.

Jana shemeji alituma picha kwenye simu. Juu ya lile jamvi, lililopigwa lipu laini na mafundi wa mjini mwaka 2017, wameanika makopa, meupe, yamejaa pembe hadi pembe, na kuku wawili wamesimama ukingoni wanaangalia. Mzee wangu aliikuza picha kwa vidole, akaitazama muda mrefu.

"Yanakauka vizuri," akasema.