Soma Geti Kabla ya Kubisha Hodi

Mgeni akija Nairobi na kamera shingoni, tunampeleka KICC, lile jumba la mikutano ya kimataifa. Si vibaya. Ghorofa 28, jengo la mwaka 1973, kazi ya Karl Henrik Nøstvik wa Norway na David Mutiso wa hapa nyumbani. Kisha tunampitisha msikiti wa Jamia atazame makuba, tunamsimamisha kwenye ngazi za Maktaba ya McMillan apigwe picha na sanamu za simba, na jioni tunamrudisha hotelini tukiamini ameuona mji. Sina ugomvi na majengo hayo. Shida yangu ni kwamba hayachekeshi. Jengo lisilowahi kumchekesha mtu mimi hulipigia saluti nikapita.

Vuka Barabara ya Landhies uelekee mashariki, mambo yanabadilika. Huko hakuna jiji. Kuna vijimji vingi vilivyobanana, Kaloleni, Shauri Moyo, Majengo, Jericho, Buruburu, Umoja, kila kimoja na kinyozi wake, mlevi wake rasmi, mama mboga anayejua nani hajalipa kodi ya nyumba, na umbea usiovuka barabara. Mtu wa Jericho akihamia Umoja huagwa kwa chai na maombi, na ni safari ya matatu moja tu.

Nikizunguka mitaa hiyo huona kwamba uzuri wake na ucheshi wake vinachimbuka shimo moja: majengo yake yanajibu. Mpangaji wa mji alisema lake kwenye ramani, mwizi akasema lake usiku, landilodi lake tarehe tano, mvua ya Aprili lake kwenye dari. Mwenyeji hakualikwa kwenye mkutano wowote. Akajibu kwa alichonacho: bati, rangi, chuma na brashi.

Tuanze na mageti, maana hapo ndipo Nairobi imeficha sanaa yake kubwa na haijui. Kazi ya geti ni kuzuia. Shiti ya chuma iliyonyooka na komeo la ndani vinatosha kabisa. Lakini hakuna anayenunua shiti iliyonyooka. Utakuta almasi zimepangwa kwa safu, jua linachomoza kutoka kona ya chini likitoa miale ya bapa, maua yamekunjwa kwa nondo nyembamba, tai amekunjua mbawa, na simba, simba kila mahali, wengine wana sura ya mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake. Rangi ni nyeusi na dhahabu, au maruni na dhahabu. Dhahabu haikosi.

Nilimkuta fundi mmoja Kariobangi Light Industries akimalizia simba wa namna hiyo, mzee mwenye miwani myeusi ya kulehemu aliyoisukuma juu ya paji la uso. Nikamuuliza, "Mzee, huyu simba ni wa kutisha wezi?"

"Wezi gani, kijana wangu? Mwizi haogopi simba asiyenguruma. Huyu ni wa jirani."

"Na hii nambari yako ya simu uliyoandika hapa chini?"

"Hiyo pia ni ya jirani."

Sijapata kusikia nadharia ya usanifu iliyofupishwa vizuri hivyo. Geti ni barua ya wazi kwa jirani, na fundi anajua jirani atajibu kwa simba mkubwa zaidi. Ndiyo maana kuna vichochoro Umoja na Kayole ambako ukitembea kutoka mwanzo hadi mwisho unaona mashindano yakipanda, ua, almasi, tai, simba mmoja, simba wawili wakitazamana, hadi unafika kwenye geti refu la kasri ambalo nyuma yake kuna vyumba viwili vya mabati na kuku. Watu hucheka wakiliona. Mimi nacheka pia, lakini namwelewa mwenye geti. Amelijenga kwa ajili ya nyumba ambayo bado inakuja. Tazama juu ya paa za jirani zake uone nondo zilizoachwa zimesimama kwenye slabu, zikingoja ghorofa itakayojengwa pesa ikipatikana. Wakati zinangoja, zimefungiwa kamba na nguo zimeanikwa. Jengo lenye nondo zilizosimama halijaisha na halikubali kusemwa limeisha, na kwa mtaa wa watu wanaojenga kwa chama cha kuchangishana na mkopo wa sacco, hiyo ni lugha ya ukweli kuliko kioo cha ofisi za Upper Hill.

Kuta nazo zina mengi, ingawa hapo kila mtu ana mifano yake na sitachukua muda wako. Kuna ukuta Shauri Moyo wenye onyo la kukojoa ambapo faini imefutwa na kuandikwa upya, 500, 1,000, 5,000. Bei imepanda, wateja hawajapungua. Kuna "Mbwa mkali" iliyoandikwa kwenye geti lenye tundu ambalo ukichungulia unamwona mbwa mwenyewe amelala chali. Kuna "Nyumba hii haiuzwi", ambayo mgeni huiona kichekesho, kwa sababu hajui kwamba Nairobi nyumba yako inaweza kuuzwa ukiwa umeketi ndani yake unakunywa chai.

Kaloleni ndiyo napenda kuipigania. Ilijengwa miaka ya arobaini kwa wafanyakazi Waafrika, wakati serikali ya kikoloni ilipoanza kukubali kwamba mfanyakazi anaweza kuwa na mke na watoto, si kitanda tu. Wenyeji watakuambia mikono iliyojenga ilikuwa ya wafungwa wa vita wa Kiitaliano. Nyumba ni za chini, za mawe, paa za vigae vyekundu, na hazikupangwa msitari mmoja kama kambi. Zimeuzunguka uwanja wa nyasi, kisha uwanja mwingine, na katikati ya mtaa kuna ukumbi ambao siasa zake zilikuwa moto hadi watu wakaupa jina la bunge la Uingereza. Kwa maoni yangu hakuna mtaa Nairobi uliopangwa vizuri zaidi tangu hapo, na nasema hivyo nikijua ni nani aliupanga na kwa nini.

Sasa kuna watu wazuri, wenye nia njema, wanaotamani Kaloleni irudi ilivyokuwa kwenye picha za zamani. Wanachokiona kibaya ni vibanda vya mabati vilivyoegemezwa kwenye nyumba za mawe. Siwaungi mkono, angalau si moja kwa moja. Nyumba ilipimwa kwa familia moja ya kwenye karatasi. Familia ya kweli ikapata watoto, watoto wakapata watoto, shangazi akaja kutoka Siaya kwa wiki moja na bado yupo. Chumba cha bati pale ubavuni ni jibu kwa mchoraji ramani ambaye hakuuliza. Mengine yamepakwa rangi ya bluu ya bahari na kutundikiwa maua kwenye kopo la rangi hiyohiyo, na yanapendeza kuliko nyumba yenyewe. Ninachokataa ni bati likisogea hadi katikati ya uwanja wa nyasi. Hapo halijibu tena. Hapo linawanyang'anya watoto mpira na wazee kivuli.

Buruburu ni mchezo wa aina nyingine. Iliinuka kuanzia miaka ya sabini kwa awamu tano, na waliochora ni kampuni ya huyohuyo Mutiso wa KICC na mshirika wake Menezes. Nyumba za ghorofa moja, vigae, ua mdogo wa ndani, na vichochoro vinavyoishia kwenye uwanja ili magari yasipite kasi na majirani wajuane wapende wasipende. Nyumba nyingi zilizaliwa pacha. Leo pacha mmoja bado ana kigae chake cha mwanzo na waridi mlangoni, mwenzake ameota ghorofa nne, duka la dawa, saluni na kanisa juu. Ukuta wanaoutumia pamoja umebaki katikati, ukishuhudia. Wasanifu huumia wakiona haya, na najua kwa nini: mwanga wa jirani umezibwa, mabomba ya maji taka yaliyowekewa watu watano sasa yanahudumia arobaini. Hayo si ya kuchekea. Lakini ile saluni iliyobaki na dirisha la sebule la mwaka 1975, ambapo mteja anasukwa mahali pa sofa huku picha ya harusi ya mwenye nyumba ikimtazama kutoka ukutani, nitaitetea mbele ya kamati yoyote ya kaunti.

Na kuna majengo yanayojibu hata baada ya kufa. Makanga wa matatu anaita "Odeon! Odeon!" na hakuna filamu inayoonyeshwa hapo. Anakushusha Allsops, ilhali kampuni ya bia ya jina hilo ilipotea zamani na mzunguko wenyewe ulimezwa na Barabara Kuu ya Thika iliyokamilika 2012. Utaelekezwa kwa mwenzako "shuka kwa mti", ushuke, utafute mti, uambiwe ulikatwa. Kwa hiyo anayehifadhi historia ya majengo ya Nairobi ni kijana anayening'inia mlangoni akidai nauli, na hajapewa hata cheti.

Ucheshi huu una mpaka, na mpaka wenyewe ni alama ya X. Nyekundu, kubwa, imepakwa ukutani na maofisa kuonyesha jengo libomolewe. Nairobi imeizoea hadi inaitumia kuelekeza wageni: pita nyumba yenye X, ingia kulia. Landilodi huipaka rangi juu, mvua ikinyesha inachungulia tena. Nilikuwa nachekea hilo na wenzangu kijiweni kabla ya mwishoni mwa Aprili 2016, jengo la ghorofa lilipoporomoka Huruma usiku wa mvua na kuua watu zaidi ya 40. X pia ni jibu, na ni kati ya machache yanayotolewa na serikali kwenye ukuta ambayo ningeomba watu wayaamini. Wapangaji wanaoishi chini yake hawabaki kwa sababu ya ubishi. Wanabaki kwa sababu chumba kingine cha bei hiyo kina X yake.

Ndiyo maana siwezi kuwa mtu wa kupinga minara mipya ya nyumba za bei nafuu. Pale Park Road, Ngara, kuna nyumba 1,370 zenye maji, lifti na nguzo zisizotia shaka, mahali ambapo familia inaweza kulala mvua ikinyesha. Nyingine zimeinuka Pangani mahali pa mtaa wa zamani wa kaunti, na zaidi zinakuja Shauri Moyo na kwingineko. Ninachotaka ni kidogo na hakihitaji tenda kubwa. Mlango wa kila nyumba mwenye nyumba auchague mwenyewe, hata kama ni simba. Ghorofa ya chini iwe na maduka madogo ya kweli yanayotazama njia, yenye baraza ya kukalia, badala ya ukuta na mlinzi. Kamba za nguo zipewe mahali pake kwenye ramani, kwa sababu zitakuja tu. Na ukuta mmoja uachwe wa watu kuandika, maana wataandika.

Najua watasema sheria za jengo haziruhusu, na kwamba mwonekano lazima uwe mmoja. Juzi nimemtembelea binamu yangu katika mojawapo ya minara hii, sitaitaja. Korido nyeupe, milango ya kahawia inayofanana, nambari tu. Nikaanza kuhuzunika. Tukaingia kwenye lifti, na pale juu ya vitufe kamati ya wakazi imebandika karatasi iliyopigwa chapa na kuwekwa muhuri: "Kuku hawaruhusiwi kwenye lifti. Watumie ngazi." Binamu yangu akasema kuku wenyewe ni wa mama wa ghorofa ya saba, mwanachama wa kamati, na ndiye aliyepiga chapa.