Bundi alitendewa haki, Koitalel bado

Nimechoka kusoma makala zinazomsimulia Kanali Richard Meinertzhagen wa jeshi la Uingereza kana kwamba alikuwa mjomba wetu mcheshi. Mkoba wa nyaraka za uongo aliowadondoshea Waturuki karibu na Beersheba, Palestina, katika Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1917 haukosekani, wala ile hadithi yake kwamba alimwamkia Hitler kwa maneno "Heil Meinertzhagen". Kisha, aya ya nane huko, yanatupwa maneno mawili matatu kuhusu "kiongozi mmoja wa Nandi".

Kiongozi huyo ni Koitalel arap Samoei, Orkoiyot (kiongozi wa kiroho) wa Wanandi, watu waliowasumbua Waingereza na reli yao kwa takriban miaka 11. Tarehe 19 Oktoba 1905 aliitwa kwenye mazungumzo ya amani, naye Meinertzhagen akamuua. Uchunguzi ulifanywa mara tatu na mara zote akasafishwa. Hata hivyo, mwaka uliofuata wakubwa wake walimwondoa Afrika Mashariki kimyakimya.

Sasa tazama bundi. Mwaka 1954 Meinertzhagen aliikabidhi makumbusho ya historia asilia ya London ngozi za ndege zipatazo 20,000, na katika miaka ya 1990 wataalamu wakaanza kuzikagua. Bundi mmoja wa misitu ya India, ambaye alidai kumkusanya mwaka 1914, alikutwa na alama za mkono wa James Davidson, mkusanyaji ndege aliyeitengeneza ngozi yake miaka ya 1880: bwana mkubwa alikuwa amemwiba, akamfumua, akamjaza upya na kumfungia kibandiko chenye jina lake. Wataalamu walipokipuuza kibandiko hicho na kufuata vielelezo vya kweli, mwaka 1997 walimkuta bundi wa aina hiyo akiwa hai.

Mtu aliyedanganya kuhusu bundi ndiye huyohuyo ambaye shajara yake inanukuliwa hadi leo kuhusu kifo cha Koitalel, eti yeye kanali ndiye aliyetegewa mtego akawahi kujiokoa, ilhali Wanandi wanaosema Koitalel aliuawa akinyoosha mkono wa salamu wanaambiwa kwamba hayo ni masimulizi tu!

Jasiri alikuwa, sikatai, ingawa hata wazo la ule mkoba lilikuwa la afisa mwingine.

Rungu za uongozi za Koitalel zilirudishwa Kenya mwaka 2006, kutoka kwa mwanawe Meinertzhagen. Fuvu, ambalo wazee wa Nandi wanasema lilipelekwa Uingereza, bado wanalidai, na katika wasimulizi wote wa vituko vya kanali sijamwona hata mmoja aliyejisumbua kuuliza liko wapi.