Suti Imelala Kitandani, Mimi Niko Kochini

Jamani, mke wangu kanunua suti ya kike ya miaka ya 1980. Koti na sketi, nyeusi tii, kifuani shanga tupu na vile vimeta vya kung'aa, mabega yamepanda hadi masikioni. Muuzaji aliandika: "Hali nzuri kwa umri wake." Hilo neno la umri ndilo limebeba msiba wote.

Bitana imechanika, yeye kaandika haionekani ukishavaa. Kwapani kuna jasho la mtu tusiyemjua, limekauka tangu enzi hizo, eti rangi imefifia kidogo. Zipu "inahitaji uangalifu". Ndugu yangu, zipu ya hivyo imeshakufa, tangazeni tu mazishi!

Nikiguna naambiwa, "Baba watoto, ndio uzuri wa vitu vya zamani." Mbona mimi wa zamani sijaona uzuri wangu? Goti linalia, nywele zimebaki pembeni, na hakuna aliyenipandisha bei hata siku moja.

Tuje kwenye shanga. Fundi anasema zimeshonwa kwa ndoano, uzi mmoja unakwenda mstari mzima. Ukikatika mahali usifungwe, mstari wote unafumuka. Basi humu ndani tunatembea macho chini. Usiku nimekanyaga moja, nikaruka kwa mguu mmoja hadi ukutani. Mwenzangu akawasha taa mbio, akainama: "Umeivunja?" Mguu wangu haukuulizwa hali.

Na sponji za mabega zimeoza. Akilijaribu koti akageuka kidogo tu, unga wa njano unamwagika. Nani anafagia? Mnamjua.

Nikasema basi tuifue. Kosa la jinai! Fundi akanisomesha: vimeta vya miaka ya 1930 vilikuwa vya jelatini, vikilowa vinayeyuka. Hivi vya kwetu ni plastiki, maji haviogopi, ila pasi ya moto ikivigusa vinajikunja. Tukaipeleka kwa dobi wa kufua kwa dawa. Akaigeuza, akaigeuza tena, akatoa karatasi tusaini kwamba likitokea la kutokea, yeye hayumo. Nilidhani watu husaini hivyo wakipelekwa kupasuliwa.

Mngesema walau inavaliwa. Wapi! Lebo inasema 12, mama watoto ni 12, sketi imegoma mapajani. Kumbe viwanda vimekuwa vikipanua nguo mwaka hadi mwaka na namba wanaiacha palepale, mteja asinune mbele ya kioo. 12 ya zamani ni kijembamba. Na aliyelaumiwa ni nani? Mimi, kwa kuwa nilicheka.

Nikasema haya, itundike kabatini yaishe. Haitundikwi! Uzito wa shanga unavuta kitambaa, mabega yanachanika. Inatakiwa ilazwe, inyooke, isibanwe na kitu, tena ifunikwe shuka safi la pamba kuzuia vumbi. Nyumba yetu sehemu ya kulaza kitu cha urefu huo ikanyooka ni moja tu, na upande mmoja mwenyewe yupo.

Kwa hiyo niko kochini. Shuka la pamba lilikuwa langu.